Kaburi Nalo Lipigwe Picha

Mwaka 1850 Mfaransa Maxime Du Camp alifika Abu Simbel, kusini mwa Misri, akapiga picha za hekalu la Ramses wa Pili. Masanamu ya mfalme yalikuwa yamefukiwa na mchanga kwa sehemu kubwa. Leo hekalu hilo haliko pale. Kati ya mwaka 1964 na 1968 lilikatwa vipande likahamishiwa juu zaidi, lisizamishwe na maji ya bwawa la Aswan. Anayetaka kuona lilivyokuwa hapo kale, hutazama picha.

Na sisi je? Twende wilayani Hanang, pande za Getanuwas na Basotu. Wabarabaig hawakujenga mahekalu ya mawe. Mzee aliyeheshimika akifariki, jamaa humjengea juu ya kaburi kilima cha udongo na miti, kiitwacho bung'ed. Kazi hiyo na sherehe zake huchukua miezi. Baadaye watu huenda pale kuomba na kutambika. Kwao hapo ni mahali patakatifu.

Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalichukua hekta 40,000 hivi za malisho yao. Wafugaji walikwenda mahakamani. Mbali na malisho, walilalamika kwamba matrekta yamelima hata makaburi ya wazee wao.

Ndugu msikilizaji, jiwe la Misri lilivumilia miaka 3,000 bila kamera. Kilima cha udongo kikipitiwa na plau misimu michache, hakuna kinachosalia. Hapo mdai ataonyesha nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi wenye kamera, nendeni. Lakini kwanza ombeni ruhusa kwa wazee wenye kaburi. Wakikataa, fungeni mikoba. Wakikubali, pigeni picha ya karibu na ya mbali, mlima au mti wa jirani uonekane, ili mahali pajulikane. Andikeni tarehe, kijiji na jina la ukoo. Nakala moja ibaki kijijini, isiishie kwenye albamu ya mgeni.

Wala mtu asiseme kwamba maadamu picha ipo, sasa tulime. Picha ni shahidi wa kaburi. Si mrithi wake.

Kwaherini.