Tumaini Chini ya Paa la Kanisa
(Maneno kwa familia zilizohama na viongozi, Mulongwe, Uvira)



Ninyi mliokimbia makwenu hamhitaji mtu wa kuwaeleza taabu ni nini. Nitasema juu ya tumaini, na nitaanza na mafuriko, kwa sababu wengi wetu tuliyaona kwa macho.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mto Mulongwe ulitoka katika njia yake, ukabeba nyumba na watu. Makumi ya ndugu zetu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Wakati huo ibada zilikuwa zimekatazwa na serikali tangu mwezi wa tatu, sababu ya korona. Lakini watu walikwenda kulala wapi? Katika shule na makanisa. Mlango uliofungwa kwa ibada ulifunguliwa kwa mtu mwenye nguo zilizolowa. Mimi nasema ile nayo ilikuwa ibada, hata kama kwaya haikuimba.

Tumaini huja namna hiyo. Huja kwa sahani ya bugali na ndagala, kwa kikwembe cha kufunika mtoto wa mwingine, kwa mtu anayeuliza: "Watu wako wote wapo?" Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Walipofungua kinywa kumweleza makosa yake, ndipo walipoharibu. Wachungaji, tusimwambie mjane kwamba vita vimemfikia kwa ajili ya dhambi zake. Tuketi naye kwanza.

Sasa neno gumu. Tarehe 13 Agosti 2004, kule Gatumba, ng'ambo ya mpaka, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa katika kambi yao, wengi wao Banyamulenge waliotoka huku kwetu. Tarehe 6 Juni 2014, pale Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa usiku, wengi wakiwa katika maombi. Hao walikuwa Bafuliiru. Najiuliza, ni makanisa mangapi katika Uvira yanayowalilia wote wawili kwenye mimbari moja? Mara nyingi kila mmoja anataja wafu wake tu. Mtoto anayesikia hivyo kila mwaka atajua kuchukia kabla hajajua kusoma.

Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, makumi ya maelfu walivuka kuingia Burundi. Hakuna aliyeulizwa kabila na njaa. Wako waliorudi, wako ambao hatujasikia habari zao. Kwa hiyo naomba kila kanisa lichague watu wawili au watatu, wasiwe wa kabila moja, na mama mmoja awemo. Waandike familia zote zilizohama katika mtaa, hata za dini nyingine: nani mgonjwa, nani mjamzito, mtoto gani hasomi, nani anatafuta ndugu yake. Sadaka ya wahitaji igawanywe kwa orodha hiyo, nayo isomwe mbele ya watu, maana msaada uliogawanywa gizani huleta ugomvi mpya.

Mwenye nafasi ya kulaza familia moja nyumbani kwake, aseme na wazee pale mlangoni kabla hatujatoka.