Tazama Mizizi Kabla ya Majani

(Mazungumzo haya yalitolewa na Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, Mafiga, Morogoro.)

 

Leo sikuja kuwafundisha kusoma. Kusoma mnajua. Nimekuja ili tusome pamoja kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi. Tutasoma mche wa mti.

Masika inakaribia. Wengi wenu mnalala hapa Mafiga lakini jembe lenu liko mlimani. Mvua ikianza mtakwenda kwenye vitalu kutafuta miche ya kupanda. Huko mtakuta miche ya namna mbili. Kuna miche iliyooteshwa katika viriba, yenye udongo wake. Na kuna miche iliyooteshwa tutani, ikang'olewa, ikafungwa mafungu kama mchicha. Hii ya pili mizizi yake ni mitupu, haina udongo. Ndiyo ninayotaka tuizungumze leo.

Miche ya mizizi mitupu ina faida kubwa kwa mtu wa mlimani. Ni myepesi. Mtu mmoja anaweza kupanda nayo mlima, fungu zima liko kichwani, na asichoke. Viriba je? Ukibeba kumi tu, shingo inauma. Tena mche wa mizizi mitupu hauna siri. Kiriba huficha mizizi, lakini huu unaiona yote kwa macho yako. Hasara yake ni moja: mzizi ulio wazi ukipigwa na jua na upepo hufa upesi. Basi ukichagua vibaya, umepanda kuni.

Mimi mwenyewe nimepanda kuni. Nilipokuwa chuo cha ualimu tuliambiwa kila mwanafunzi achague miche yake. Mimi nikakimbilia mirefu, yenye majani mengi ya kupendeza. Mwenzangu akachelewa, akaachiwa mifupi yenye mashina manene. Nikamcheka. Kabla masika haijaisha, yangu yote ilikuwa imekauka, ya mwenzangu imechipua. Nilidhani ardhi ya upande wangu ni mbaya. Nilipong'oa mmoja nikaona mzizi umebaki kipande kama kidole, na ulikuwa umepinda. Ardhi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mchaguaji.

Ndugu zangu, kosa hili ni kubwa kuliko fedha ya mche. Mtu akipanda mara moja miti ikafa, akapanda tena ikafa, husema, "Huku kwetu miti haioti." Basi huacha. Na sisi hapa hatuwezi kuacha. Maji ya Mto Morogoro yanatoka kwenye milima hii ya Uluguru. Mto Ngerengere unajaza Bwawa la Mindu, ambalo mji wetu unalitegemea kwa maji. Mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam wanaunywa, nao unapata maji yake huku huku. Mlima ukibaki mtupu, mvua huchukua udongo na kuupeleka mtoni.

Wazee wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, mambo ya Matombo mwaka 1955. Serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Watu wakakataa, pakatokea ghasia. Jambo la kulazimishwa halidumu. Baadaye, mwaka 1980, nchi yetu huru ilifanya kampeni ya Misitu ni Mali. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Hiyo ndiyo njia yetu: mtu apande kwa sababu ameelewa.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mnaishi Mafiga, na mnajua mafiga ni nini. Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Mche mzuri nao una mafiga matatu. Likikosekana moja, chungu kinaanguka.

Figa la kwanza ni MIZIZI. Anza huku chini. Majani yaache kwanza. Mzizi mkuu uwe umenyooka. Mnakumbuka herufi tulizoandika ubaoni? Mzizi mzuri ni kama herufi I. Mzizi mbaya ni kama herufi J, umepinda kama ndoano. Mche wa J huweza kuishi mwaka mmoja au miwili, kisha upepo ukaulaza. Halafu tazama mizizi midogo ya pembeni, ile myembamba kama nywele. Hiyo ndiyo inayokunywa maji. Mche uliochomolewa kwa nguvu huacha nywele zake zote tutani. Huo usiuchukue. Tazama pia vifundo. Mzizi ukiwa umevimba vinundu ambavyo haviondoki, una minyoo ya udongo, na utaipeleka shambani kwako. Lakini mche wa mlusina huwa na vinundu vidogo ambavyo ukivisugua kwa kidole vinadondoka. Hivyo ni vizuri, husaidia kurutubisha ardhi.

Figa la pili ni SHINA. Shika pale shina linapokutana na mzizi. Pawe na unene wa kalamu ya risasi au zaidi, na pawe pagumu. Mche mrefu mwembamba ulikulia kwenye msongamano, ukawa unakimbilia jua. Una majani mengi ya kupoteza maji na mizizi michache ya kuyatafuta. Kati ya mrefu mwembamba na mfupi mnene, chukua mfupi mnene.

Figa la tatu ni UHAI. Mche unaweza kuwa na majani ya kijani na huku umeshaanza kufa. Kwangua ganda kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, mche ni mzima. Ukiona kahawia na ukavu, uache. Kisha muulize mwenye kitalu bila haya, "Imeng'olewa lini?" Akisema leo asubuhi, vizuri. Akisema juzi, na ukaona mizizi imekaa wazi juani, mshukuru uende zako. Hata akipunguza bei usinunue.

Tena, si kila mti unakubali kupandwa bila udongo. Mtiki, mvule, mkangazi, mjohoro na mwarobaini hukubali. Mtiki hupandwa hata kama kisiki kidogo. Kule kwenye shamba la miti la serikali la Mtibwa, upande wa Turiani, mtiki ni mti unaojulikana sana. Kisiki chake kiwe na unene wa kidole gumba. Mzizi ukatwe ubaki sentimeta 15 hadi 20, yaani pungufu kidogo ya shibiri, na shina libaki vidole viwili tu juu ya mzizi. Ukikiona utadhani kimekufa, lakini huchipua. Ila mtiki usiupande penye mteremko mkali, maana matone makubwa ya majani yake huchimbua udongo. Mkaratusi na mvinje chukueni katika viriba. Na mkaratusi usiupande karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi.

Ukishachagua, kazi haijaisha. Fanya hivi:

1. Nenda kitaluni alfajiri. Kama ni kitalu chenu, mwagilieni tuta jioni ya kuamkia siku ya kung'oa. Chimbueni kwa jembe au uma, msivute kwa mkono.

2. Chovya mizizi katika tope jepesi. Kisha funga kwa gunia bichi au magome mabichi ya mgomba.

3. Punguza majani, bakiza machache ya juu. Mche hautapoteza maji mengi.

4. Panda siku ile ile, wakati udongo umelowana hadi chini. Mvua moja ya kwanza isikudanganye.

5. Chimba shimo refu kuliko mzizi. Kama mzizi ni mrefu mno, kata ncha kwa kisu kikali. Usiukunje, utatengeneza J kwa mkono wako mwenyewe.

6. Fukia mpaka pale pale udongo ulipofika kitaluni. Shindilia kwa mguu. Kisha vuta jani moja kwa vidole viwili. Jani likikatika na mche ukabaki, umepanda vizuri. Mche ukitoka, rudia.

Ndugu zangu, hakuna hata moja katika haya linalohitaji fedha. Linahitaji macho na subira. Jirani atakapokucheka kwa kuchukua miche mifupi, mwache acheke kama nilivyocheka mimi. Mwambie mkutane shambani masika ikiisha.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka jana mlipanda miti gani? Ipi ilikufa? Mnadhani kwa nini?

2. Mafiga matatu ya mche mzuri ni yapi?

3. Je, kikundi chenu kinaweza kuwa na tuta lake la miche? Nani atamwagilia, na siku gani?