Meli Ikizama, Nani Analipa?

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa wadi ya Gatina



Bahari iko mbali na Kawangware, karibu kilomita 500. Lakini mitumba inayouzwa hapa sokoni, mchele wa dukani na petroli ya bodaboda, kwa sehemu kubwa hupitia Mombasa. Meli zinazoingia Kilindini hupita mkondo mmoja tu, ule unaovukwa na feri ya Likoni. Meli ikizama hapo, bei itapanda hadi Gatina.

Wengi hawajui kwamba sheria ya dunia kuhusu jambo hili imebeba jina la jiji hili. Tarehe 18 Mei 2007, katika ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, ulipitishwa Mkataba wa Nairobi wa Kuondoa Mabaki ya Meli. Ulianza kutumika tarehe 14 Aprili 2015.

Kabla yake, nje ya maili 12 za bahari kutoka pwani, serikali haikuwa na mamlaka ya wazi ya kuondoa chombo kilichozama. Mwenye meli angeweza kuitelekeza na kunyamaza, na gharama ikabaki kwa walipa kodi. Sasa, hadi maili 200, nahodha lazima atoe taarifa, na mwenye meli hulipia kuyatafuta mabaki, kuyawekea alama na kuyaondoa yakiwa ni hatari. Kontena lililoanguka kutoka melini nalo huhesabiwa.

Meno ya mkataba yako kwenye bima. Meli ya tani 300 au zaidi lazima iwe nayo, na serikali inaweza kumdai mwenye bima moja kwa moja. Ni kama matatu iliyoziba Barabara ya Naivasha: abiria hawachangishwi pesa za kuivuta. Tofauti ni kwamba kampuni nyingi za meli zina meli moja tu. Ikizama, kampuni haina kitu kingine cha kukamatwa. Bima ndiyo inabaki.

Dai lisipofikishwa mahakamani ndani ya miaka 6 tangu ajali, limekufa. Manowari hazimo. Pia mwenye meli hawajibiki ajali ikiletwa na vita, na hilo ni pengo kubwa. Machi 2024 meli ya Rubymar ilizama Bahari ya Shamu baada ya kupigwa kombora na Wahouthi, ikiwa na takriban tani 21,000 za mbolea.

Nchini Kenya, masuala haya yako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, yenye makao Mombasa.