Kivuli cha Fimbo na Upande wa Kibla

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeliendesha jua kwa hesabu isiyokosea, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mara mbili kila mwaka, tarehe 20 au 21 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba, usiku na mchana hukaribia kulingana duniani kote. Vitabu vya shule huiita siku hiyo ikwinoksi. Mhimili wa dunia umeinama kwa digrii 23 na nusu. Basi, dunia ikilizunguka jua, ncha ya kaskazini huelekea jua mwezi Juni, na ya kusini mwezi Desemba. Katika siku hizo mbili hakuna ncha iliyolielekea zaidi ya nyingine, na jua huwa juu ya ikweta.

Sisi wa Dodoma, tulio digrii 6 kusini mwa ikweta, twaweza kudhani kuwa hayo hayatuhusu, kwani mchana wetu mrefu hauuzidi ule mfupi ila kwa dakika 40 na kitu. Yatuhusu katika sala.

Wazee wetu walilitumia neno kibla kuwa jina la kaskazini, wala hawakuwa mbali na ukweli. Kutoka hapa Makka iko kaskazini, ikipinda kuelekea mashariki kwa digrii 8. Lakini asiye na dira ataijuaje kaskazini? Wengi hutazama jua linapochomoza, wakapaita hapo mashariki. Mwezi Juni jua huchomoza zaidi ya digrii 23 kaskazini mwa mashariki ya kweli. Tumepata kuingia nyumba moja katika uwanda huu ambamo mikeka ilipangwa kwa jua la Juni, na kwa miaka watu wake waliswali wakiwa wamekiacha Kibla kwa zaidi ya digrii 30. Hatusemi kuwa sala zao zimepotea. Walijitahidi kwa ujuzi waliokuwa nao, na hukumu ni ya Mola wao. Mwenye kuweza kujua akapuuza, huyo ana jambo lake.

Siku ya ikwinoksi jua huchomoza mashariki hasa na kutua magharibi hasa. Simamisheni fimbo iliyonyooka penye ardhi tambarare, mtie alama kwenye ncha ya kivuli kila saa, tangu saa 2 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Siku nyingine alama hizo hupinda. Siku hiyo hukaa katika mstari mmoja, nao ni mstari wa mashariki na magharibi. Machi mawingu ya mvua huweza kutuzuia, kwa hiyo Septemba yatufaa zaidi. Adhuhuri kivuli kitaelekea kusini. Msishangae, kwani jua la utosi hapa Dodoma ni la mwanzo wa Machi na wa Oktoba.

Kutoka kwenye mstari huo pimeni hatua 7 kaskazini, mkiukata kwa pembe mraba, kisha hatua 1 mashariki. Vuteni kamba kutoka mlipoanzia hadi mlipofika, mtandike mikeka kwa kuifuata.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.