MREFU KUPITA WENZAKE

Mazungumzo yaliyotolewa katika redio. Somo: 1 Samweli 9:1–2 na 10:20–24

 

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kijana mwenye mwili mkubwa. Labda yuko mmoja nyumbani kwenu. Ana miaka 17. Akiingia mlangoni huinama. Viatu vya kawaida havimtoshi, na ugali ukiisha kwenye sufuria, mama humtazama yeye kwanza. Kanisani sote twamjua, kwa maana kila benchi likitaka kuhamishwa, huitwa yeye.

Mkazi wa Nairobi anajua kwamba Ngong Road hupita kati ya Kibera, iliyo upande wa kusini, na Kawangware, iliyo upande wa kaskazini. Kando ya barabara hiyo pana viwanja vya raga, uwanja wa RFUEA na ule wa klabu ya Impala. Zamani mchezo huo ulikuwa wa Wazungu, baadaye ukawa wa wanafunzi wa shule kubwa za bweni. Siku hizi vijana wa Makina na Lindi, wa Gatina na Congo, nao wanaucheza. Naye kijana wetu mkubwa akifika uwanjani, kocha hamwulizi anapenda kucheza wapi. Humtazama mabega, akampeleka safu ya mbele.

Kwa wasioujua mchezo huu, tueleze kidogo. Raga huchezwa na watu 15 kila upande. Kosa dogo likitokea, watu wanane wa upande huu huinama na kushikana, na wa upande ule vivyo hivyo, kisha husukumana bega kwa bega wakiugombea mpira ulioingizwa katikati yao. Hiyo ndiyo skramu. Watatu walio mbele hubeba uzito wote, kwani mbele yao wako wapinzani, na nyuma yao wako wenzao watano wanaowasukuma. Mpira ukitoka hupewa wenye mbio. Hao hukimbia pembeni, hufunga, na watu husimama kushangilia. Yule wa mbele wakati huo bado yuko chini, anajikung'uta matope.

Huko Marekani wana mchezo wao wa mpira, na ndani yake wako watu watano wa namna hiyo hiyo, wenye kilo 130 na zaidi, ambao kazi yao ni kumlinda yule anayerusha mpira. Wao wenyewe kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea mpira huo unaorushwa mbele. Kijana wa miaka 18 akichukuliwa na chuo kikuu kwa kazi hiyo, mara nyingi hukaa mwaka wake wa kwanza karibu bila kucheza. Hula, huinua vyuma, hujifunza namna ya kuweka miguu. Gazeti la kijijini kwao limekwisha kumwita shujaa, naye bado yuko benchini.

Katika raga pia ni hivyo. Kijana aweza kuwa na kilo 100 na asijue kuinama. Shingo lazima ifundishwe, na mgongo ukae sawa, kwa maana skramu ikianguka vibaya, shingo ya mtu yaweza kuvunjika. Ndiyo sababu sheria za mchezo zasema kwamba timu ikikosa watu waliofundishwa kazi ya safu ya mbele, hakuna kusukumana kabisa. Na katika mechi za vijana walio chini ya miaka 19, skramu haisukumwi kupita mita moja na nusu. Hao waliotunga sheria walijua kwamba mwili hutangulia na nguvu za kweli huja nyuma. Wengi wa safu ya mbele hukomaa wakiwa wamepita miaka 25. Ni nani kati yetu mwenye subira ya kumngoja kijana miaka minane?

Hatuna subira, na sababu twaijua. Chumba ni cha futi kumi kwa kumi, kodi ya nyumba inadaiwa, na watoto wengine ni wanne. Mnamo mwaka 2013 tulisikia kwamba Daniel Adongo, kijana wa Kenya aliyekuwa amecheza raga New Zealand na Afrika Kusini, amechukuliwa na timu ya Indianapolis Colts ya Marekani, naye alikuwa hajawahi kuucheza mchezo wao. Desemba ya mwaka huohuo alishuka uwanjani. Mnamo tarehe 17 Aprili 2016 timu yetu ya raga ya watu saba iliishinda Fiji 30 kwa 7 na kutwaa kombe huko Singapore. Habari kama hizo ni njema, nasi tulifurahi pamoja na nchi nzima. Lakini habari hizo zikiingia katika chumba kile cha futi kumi, hugeuka kuwa deni juu ya mabega ya mtoto mmoja.

Sasa tumtazame Sauli mwana wa Kishi. Biblia yatuambia kwamba alikuwa mrefu kuliko watu wote, wao wakimfikia mabegani tu. Alitoka kwao kuwatafuta punda wa baba yake, wala hakutoka kutafuta ufalme. Siku ya kupiga kura kura ikamwangukia, wakamtafuta, wasimwone. Alikuwa amejificha kati ya mizigo! Wakakimbia, wakamtoa, wakamsimamisha katikati, na walipoona urefu wake wakapiga kelele za shangwe.

Ndugu zangu, someni sura hiyo tena leo jioni. Hamtaona mahali mtu yeyote alipomwuliza, “Sauli, mbona umejificha?” Walimpima kwa macho, wakatosheka. Walikuwa wamekwisha kusema katika sura ya nane kwamba wanataka mfalme wa kuwatangulia vitani, na mwili huu ulitosha kwa kazi hiyo. Hatumtetei Sauli kwa mabaya aliyoyafanya baadaye. Twasema tu kwamba kijana aliyejificha alikuwa na neno la kusema, na hakuna aliyengoja kulisikia.

Ila Mungu alikuwa ametangulia. Tazameni mstari wa tisa wa sura ya kumi. Kabla watu hawajayaona mabega, Mungu alikuwa amekwisha kumpa moyo mwingine.

Jambo hili si la mchezo tu. Katika mitaa yetu wako wengine wanaotafuta vijana wenye mabega. Mlevi mwenye baa amtaka awe baunsa. Wakati wa uchaguzi huja mtu na gari, ana noti mfukoni, naye haulizi kijana amesoma hadi wapi. Kibera haijasahau Januari 2008, nyumba zilipochomwa na reli ikang'olewa. Kawangware haijasahau Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, majirani waliponunua mboga kibanda kimoja asubuhi na jioni wakapigana kwa mapanga. Wale waliotumwa mbele walikuwa vijana, na wenye kuwatuma walilala nyumbani kwao salama.

Twamjua kijana mmoja wa Kawangware aliyepata nafasi shuleni kwa sababu ya raga, na karo yake ikapunguzwa. Muhula wa pili goti likaumia. Hakucheza tena mwaka ule, na karo ikarudi kuwa kama ya wengine. Mama yake, ambaye huuza sukuma wiki kando ya njia, alikuja kwetu akasema, “Mchungaji, nilikuwa nimewaambia watu wote. Sasa huyu atakuwa nani?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Akina mama wa ushirika walichanga wakalipa sehemu ya karo, na sehemu nyingine bado inadaiwa mpaka leo. Goti limepona nusu. Siku za Jumamosi kijana huyo hukaa ukingoni mwa uwanja akiwafundisha watoto wa miaka 12 kuinama mgongo ukiwa sawa, naye ni mkali sana, hamruhusu mtoto kusukuma kabla hajajua kushika. Kama atacheza tena hatujui. Mama yake angali anauliza swali lile, lakini siku hizi humwuliza mwanawe mwenyewe, na wawili hao huzungumza hadi usiku, jambo ambalo halikuwako alipokuwa shujaa.

Basi wazazi, na ninyi wazee wa kanisa, Jumapili hii kijana wenu mkubwa akimaliza kupanga mabenchi, mpeni asome somo la kwanza. Mwulizeni anasoma nini shuleni na anaogopa nini. Huenda asijibu mara ya kwanza. Vijana wa umbo hilo wamezoea kuulizwa kilo tu.

Tuombe. Ee Baba, uliyemwona Sauli kati ya mizigo, waone vijana wetu wa Kibera na Kawangware. Zilinde shingo zao na magoti yao katika mazoezi ya Jumamosi. Waepushe na mtu yule mwenye noti. Mpe mama anayeuza mboga kulipa karo iliyobaki, na umpe kocha uvumilivu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.