Siku 14: Likizo ya Ugonjwa wa Akili katika Viwanda vya Athi River

(Mhadhara wa umma)



Nina hesabu moja ya kuweka mbele yenu kabla ya mengine yote. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi wa Kenya aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku zisizopungua 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Jumla yake ni siku 14. Sasa sikilizeni hesabu ya tabibu. Mtu hahesabiwi kuwa na sonona mpaka dalili ziwe zimemkaa kwa wiki mbili angalau. Akianzishiwa fluoksetini au amitriptilini, kwa kawaida hupita wiki mbili hadi sita kabla hajaanza kuona tofauti. Kero za dawa hutangulia nafuu: tumbo kuchafuka, kinywa kukauka, wengine usingizi kuruka na wasiwasi kuzidi kidogo.

Kwa hiyo siku ya 15, mfanyakazi anapotakiwa kurudi getini, dawa ndiyo kwanza inaanza kazi. Amekwisha kula likizo yake yote ya ugonjwa ya mwaka mzima, nusu yake kwa nusu mshahara, na bado hajapona. Akipata malaria mwezi wa Novemba, hana hata siku moja iliyobaki. Sheria hii ilipimwa kwa homa na mguu ulioteguka. Mimi nasema haimtoshi mgonjwa wa sonona wala wa wasiwasi, na nasema inaweza kurekebishwa.

Nimechagua kulisema jambo hili Athi River kwa sababu huu ni mji wa zamu. Kabla ya uhuru palikuwa na nyama ya Kenya Meat Commission, shirika lililoanzishwa mwaka 1950, na saruji ya East African Portland. Ikaja sheria ya EPZ ya mwaka 1990, ardhi ikatengwa kwa viwanda vya kuuza nje, na Marekani ilipopitisha AGOA, sheria iliyofungulia bidhaa za Afrika soko lake, mwaka 2000 vyerehani vikaongezeka kwa kasi. Alfajiri, umati hutoka Mlolongo, Kitengela na mitaa ya hapa hapa, kwa miguu na kwa matatu, ukielekea EPZ. Katika viwanda vya nguo wengi wao ni wanawake, na wengi ndio wanaobeba kodi ya nyumba na karo peke yao.

Asiyewahi kuona laini ya kushona huenda asielewe kwa nini sonona ni ngumu kuificha humo. Shati hugawanywa vipande: huyu kola, yule mikono, mwingine mfuko, mwingine vifungo. Kila saa ina targeti. Mmoja akipunguza mwendo, vipande vinamrundikia yeye, na walio mbele yake katika laini wanakaa wakisubiri. Supavaisa haulizi kwa nini, anaona rundo. Na sonona hupunguza mwendo, wa mikono na wa fikira. Katika maswali 9 ya PHQ-9, dodoso la kupima sonona ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na hutumika katika vituo vyetu vya afya, kuna swali juu ya kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, lingine juu ya usingizi, lingine juu ya kutembea au kusema polepole hata watu wengine wakatambua. Muulize supavaisa yeyote: hizo ndizo tabia ambazo yeye huziandikia barua ya onyo.

Januari 2003, wiki chache baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani, wafanyakazi wa EPZ waligoma. Walilalamikia mishahara, saa za ziada, na jinsi walivyotendewa na wasimamizi wao. Wakati ule malalamiko hayo yalisomwa kama suala la shilingi na heshima, na yalikuwa hivyo. Mimi nikiyasoma leo naona pia orodha ya mambo yanayomfanya binadamu augue: usingizi mfupi, kutoweza kupanga siku yako mwenyewe, kukaripiwa mbele ya wenzako, kutojua kama kesho utaitwa.

Mfanyakazi wa namna hii akienda kliniki hasemi ana sonona. Husema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, tumbo linawaka, mwili hauna nguvu. Hupimwa malaria na taifodi. Hupewa dawa za alsa. Hupewa ofu ya siku mbili, anarudi kazini, na baada ya wiki tatu yuko kliniki tena. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilisema mwaka 2011 kwamba hadi robo ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani katika hospitali zetu wana tatizo la akili, na jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga likapendekeza mwaka 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la taifa. Kwa kiwango cha dunia, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2022 kuwa sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Mwenye kiwanda anayedhani kwamba kwa kukataa ofu ya ugonjwa wa akili ameokoa siku zake, ameshazilipia tayari. Kwenye daftari lake zimeandikwa malaria.

Najua mnaniuliza moyoni: kwa nini watu wasiseme ukweli? Kwa sababu wanajua kinachofuata. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na katiba, mtu aliyejaribu kujiua nchini Kenya alihesabiwa mhalifu. Mfanyakazi angemwambiaje nesi wa kampuni kilichompata usiku? Na kutajwa jina la Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa mwaka 1910, kunatosha hata leo kumfanya mtu apoteze mchumba, sembuse kazi. Nitasema jambo moja la dharura hapa kisha niendelee: mwenzako akikwambia anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Habari za cheti na siku za likizo zitafuata baadaye.

Turudi kwenye Sheria ya Ajira, maana ndani yake kuna mabaya na kuna mema ambayo hatuyatumii. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji mbaya au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Angalieni neno hilo, kimwili. Akili haikutajwa. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa wa sonona huondolewa kupitia milango mingine miwili: utendaji mbaya, kwa kuwa targeti haikufikiwa, au utoro, kwa kuwa kifungu cha 44 kinaruhusu mtu afukuzwe papo hapo akikosa kazini bila ruhusa wala sababu halali. Mgonjwa aliyeshindwa kuinuka kitandani kwa siku nne, na akashindwa hata kushika simu kutoa taarifa, ndiye hasa anayenaswa na kifungu hicho. Ilhali ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa saini Juni 2022 yanampa mgonjwa wa akili haki ya matibabu na yanakataza kampuni za bima kumbagua. Katiba imeshasema. Ni sheria ya ajira iliyobaki nyuma.

Wapo pia ambao hata hizo siku 14 ni hadithi kwao, yaani vibarua. Anayelipwa jioni na kuitwa tena asubuhi hana likizo ya aina yoyote; asipotokea, mwingine anachukua nafasi yake getini. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake hufikia mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kibarua, na akiendelea kwa miezi miwili anastahili masharti ya kazi kama wenzake. Kifungu hiki ndicho ningetaka kila mwakilishi wa chama akijue kwa moyo. Haki ya kuugua huanzia kwenye haki ya kuhesabiwa mfanyakazi.

Tuvuke mpaka wa Namanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ukizigawa kwa miaka mitatu unapata siku 42 kwa mwaka, mara tatu ya zetu, na mgonjwa anaweza kuzichukua pamoja anapozihitaji. Ujerumani, mwajiri hulipa mshahara kamili kwa wiki 6, kisha mfuko wa bima ya ugonjwa hupokea mzigo na kulipa sehemu ya mshahara. Sisi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, nayo hulipa hospitali. Mshahara uliopotea haurudishi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo haina fao la ugonjwa wa muda. Hapa Kenya mzigo wote umetwikwa mwajiri kwa siku 14, halafu mgonjwa mwenyewe. Nawaelewa wenye viwanda vidogo wanaposema hawawezi kulipa wiki 6. Ndiyo maana nasema wiki mbili za kwanza zibaki kwa mwajiri, na wiki nne zinazofuata zilipwe na NSSF, mfuko ambao tayari unachangiwa na mwajiri na mfanyakazi. Bunge lina uwezo wa kufanya hivyo.

Lakini kuna jambo tunaloweza kuanza nalo kesho asubuhi bila Bunge. Kifungu cha 30 cha Sheria yetu ya Ajira kinadai cheti cha kutojiweza kufanya kazi, kilichotiwa saini na daktari aliyehitimu au na mtu anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Hakidai saini ya daktari bingwa wa akili. Hakidai pia jina la ugonjwa. Na taarifa za afya, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ni taarifa nyeti. Tabibu wa zahanati anaweza kuandika kwamba fulani hawezi kufanya kazi kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile, akaishia hapo, na cheti kikawa halali. Je, tabibu huyo anaweza kutambua sonona? Majirani zetu wa Makueni wameshatuonyesha. Profesa David Ndetei na wenzake waliwafunza manesi na matabibu wa vituo vya kawaida kwa kutumia mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wakawashirikisha wahudumu wa afya wa vijijini na hata waganga wa kienyeji katika kuwaelekeza wagonjwa kituoni. Kilichofanyika kwenye vilima vya Makueni hakiwezi kushindikana kando ya barabara ya Mombasa.

Nisieleweke kwamba kukaa nyumbani ndiyo tiba. Chumba kimoja cha Mlolongo chenye joto la mabati, mwenye nyumba akigonga mlango, mchana kutwa peke yako na mawazo yako: hali hiyo humzidishia mtu ugonjwa. Wengine hukimbilia mashambani, na huko jamaa huuliza siku ya pili kama amefutwa kazi. Likizo hutibu pale inapoambatana na matibabu: dawa kama zimeandikwa, mazungumzo na mshauri kila wiki, kutembea, kupika, kwenda ibadani au kwenye chama, yaani kurudishiwa taratibu mambo yaliyokuwa yakimpa mtu uhai. Mshauri huyo anapatikana siku za kazi, saa za kazi, na kwa wanaofanya kazi siku 6 kwa wiki hilo pekee ni sababu ya kutosha ya kuhitaji ofu.

Na kurudi kuwe kwa awamu. Hapa ndipo viwanda vyetu hukosea zaidi, naona, hata vile vyenye nia njema. Mtu akitoka likizoni hupelekwa moja kwa moja kwenye mashine ile ile, targeti ile ile, chini ya supavaisa yule yule. Wiki ya kwanza angewekwa kukagua au kufungasha, kazi isiyo na hesabu ya saa. Wiki ya pili nusu ya targeti. Asipangiwe zamu ya usiku mpaka usingizi wake utulie, kwa sababu ugonjwa huu hurudi kupitia usingizi uliovurugika. Haya yote hayagharimu mashine mpya.

Ndugu wa vyama vya wafanyakazi, Sheria ya Ajira huweka kiwango cha chini tu. Mkataba wa pamoja unaweza kupita hapo, na mikataba hiyo hujadiliwa upya kila baada ya muda. Mkiketi tena na waajiri, pelekeni mambo matatu yaliyoandikwa: wiki 6 za likizo kwa ugonjwa unaohitaji wiki 6, cheti kisichotaja jina la ugonjwa, na ratiba ya kurudi kazini inayotiwa saini na tabibu, mfanyakazi na msimamizi. Idara yangu iko tayari kuwaandalia rasimu ya vifungu hivyo kwa Kiswahili, bila malipo, na wanafunzi wangu wa mwaka wa nne watakuwa mlangoni mkitoka, kwa atakayetaka kuanza kuiandika leo.