Likizo Ndefu Si Likizo kwa Wote

Maneno ya Sekretarieti kwa Kamati za Elimu za Parokia na Wafadhili





Kabla ya kuomba lolote, tunakiri kosa letu.

Kanuni ya Mfuko wetu wa Elimu inasema mwanafunzi atasaidiwa “katika siku za masomo.” Tulipoiandika tuliona imekaa sawa: chuo kikifungwa, kijana anarudi kula kwa wazazi wake. Tulisahau kwamba katika kozi nyingi, kama ualimu, uuguzi na uhandisi, likizo ndefu ndiyo wakati wa mafunzo kwa vitendo. Mafunzo hayo yana alama zake, na asiyeyakamilisha hahitimu.

Mwaka jana binti mmoja tunayemsomesha alipangiwa hospitali ya wilaya iliyo mbali na kwao. Aliomba nauli na fedha ya chumba. Tulimjibu kwa barua yenye muhuri kwamba maombi yake yako nje ya kanuni. Mama yake aliuza mbuzi wawili, lakini binti akaripoti akiwa amechelewa wiki tatu, na sasa anatakiwa kuyarudia mafunzo hayo. Tulibana nauli, tukampotezea mwaka.

Wapo wanaouliza: je, Serikali haitoi? Inatoa, ila si kwa kila mmoja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Pamoja na ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, na utafiti, mikopo yake ina kifungu cha mafunzo kwa vitendo. Lakini asiyepangiwa mkopo hana kifungu hicho. Na kwa kuwa Bodi hupima uhitaji, vijana wawili wa darasa moja wanaweza kupata viwango tofauti. Tena tusisahau kuwa ni deni: tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi amalize.

Kwa hiyo tunaleta kwenu mapendekezo manne.

Kwanza, kanuni isomeke “siku za masomo na za mafunzo kwa vitendo.”

Pili, maombi ya likizo yafike kwetu kabla ya mwisho wa Mei, yakiwa na barua ya chuo inayotaja kituo na tarehe, pamoja na maelezo ya mkopo. Aliyekwisha kupewa fedha hizo na Bodi asilipwe mara mbili. Tumpe yule aliyekosa.

Tatu, kamati zisaidie makaratasi mapema. Wapo watoto wanaokosa mkopo si kwa sababu hawastahili, bali kwa sababu cheti cha kuzaliwa, au cha kifo cha mzazi, hakijahakikiwa na RITA, au fomu haina sahihi ya serikali ya kijiji. Mjumbe mmoja anayejua njia ya ofisini anaweza kuokoa mengi kuliko harambee nzima.

Nne, parokia zilizo jirani na hospitali, shule na viwanda zitafute familia za kupokea wanafunzi. Kitanda na sahani ya ugali katika jumuiya ndogondogo ni mchango kamili, nasi tutauandika katika taarifa ya mapato kama tunavyoandika fedha taslimu.

Ndugu wafadhili, hatuombi mfuko mpya. Tunaomba ruhusa yenu ili sehemu ya fedha mlizokwisha kutoa itumike pia wakati madarasa yamefungwa. Mkulima hapalilii shamba miezi yote kisha akaliacha wiki ya mavuno.

Tunasubiri uamuzi wenu. Binti yule naye anasubiri. Safari hii tungependa kumwandikia barua nyingine.